Ndiyo Niliyowapa Watu Wawili

Juzi nimerudisha funguo za chumba cha watoto pamoja na kitambulisho chenye picha yangu ya wakati ule nilipokuwa bado na nywele. Neema na Espérance, ninyi mliobaki na chumba hicho, mliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kutania nayo bila kuomba radhi kila baada ya sentensi. Wenzenu wasiokijua watafsiriwe na kompyuta, na watakachokipata huko si juu yangu.

Mambo ya vyeo sitayagusa, maana hayajawahi kumfanya mtoto akae kimya. Kazi yetu ni kusoma kwa sauti mbele ya watu ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu, na watu hao hawana adabu ya kujifanya wanafurahi. Ukiwachosha wanalala au wanaanza kula gundi. Mimi nimefanya kazi hiyo katika miji mitatu, na nimejifunza zaidi kwa makosa yangu kuliko kwa semina, ingawa semina zilikuwa na biskuti.

Nilianza Louisville. Nilikuwa nimetoka Tabora kumfuata mke wangu Mwajuma aliyekuwa ametangulia masomoni, na maktaba ya pale ilinipa kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Nilikabidhiwa kitoroli chenye gurudumu moja lililopiga kelele kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Niliomba mafuta ya kulipaka, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, mwishowe nikaleta mafuta ya kupikia kutoka nyumbani. Kwa wiki nzima sehemu ya historia ilinukia maandazi.

Mkutubi wa watoto alikuwa mama mmoja Mmarekani Mweusi, Miss Lorraine, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo na sauti iliyofika mpaka maegesho ya magari. Asubuhi moja sauti hiyo ikamkauka kwa mafua. Akanipa kitabu, akanionyesha watoto kwa kidole, akaenda kukaa. Nikasoma nilivyofundishwa shuleni, yaani nikasimama wima, kitabu nikakishika mbele ya uso wangu kama ninatangaza matokeo ya mtihani. Haikupita dakika mbili, watoto walikuwa wamenyanyuka na kuja kujipanga nyuma ya mgongo wangu wapate kuona picha. Miss Lorraine akanishika mkono, akakigeuza kitabu kikawatazama watoto. Baadaye aliniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa hakuweza kusema, kwamba picha ni zao na maneno ni yangu. Nilijifunza kusoma kwa pembeni, shingo imepinda, na shingo hiyo mpaka leo inanikumbusha.

Miss Lorraine aliendelea kunipa kitabu hata sauti yake iliporudi. Hapo ndipo akaja bibi mmoja. Alikuwa na wajukuu pacha, na siku ya kwanza aliponikuta, mwanaume mzima, mgeni, nimekaa sakafuni na watoto wa watu, alisimama mlangoni akanipima kuanzia kandambili mpaka kipara kilichokuwa kinaanza. Kisha akavuta kiti, akakiweka palepale mlangoni, akakaa na mkoba mapajani. Alikaa hivyo wiki baada ya wiki, hakutabasamu hata kuku wa kitabuni alipoanguka kutoka kwenye paa. Mimi niliumia sana. Nilimwambia Miss Lorraine kwamba bibi yule ananiona mwizi wa watoto. Akanijibu kwamba bibi hanijui, na wajukuu ni wake, na kama sina la kuficha nimpelekee mto wa kukalia.

Nikampelekea. Akaupokea, akaukalia. Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, nikiwa katikati ya hadithi, nikasikia mkoromo. Bibi alikuwa amelala kwenye kiti chake, mkoba umeanguka. Hiyo ndiyo shahada niliyoipata Louisville, na sijawahi kupata nyingine niliyoithamini kama hiyo. Tangu siku ile, katika kila chumba nilichofanyia kazi, nimeweka kiti kimoja mlangoni kinachotazama ndani. Mzazi yeyote akitaka kunichunguza akae pale, mlango uko wazi, na haulizwi kitu.

Kuhusu yule kuku, hamna haja ya kuwaeleza ninyi, lakini wengine hawamjui. Ni kitabu chembamba kuhusu kuku aliyepanda paani akakataa kushuka. Jogoo anamwamuru ashuke, mbwa anamwamuru, mwenye nyumba anakuja na ngazi na fimbo. Anaanguka mara moja, anapanda tena. Mwishoni kifaranga mmoja anamuuliza, mama, ungependa kushuka? Naye anashuka. Nakala yangu iliondolewa rafuni kwa uchakavu nikaichukua, nikaandika Kiswahili kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya Kiingereza kwa gundi. Kuku huyo nimesafiri naye miji yote mitatu.

Columbus tulikaa kwa sababu ya kazi ya Mwajuma, nyumba yetu ikiwa Hilliard, pembezoni mwa mji, ambako kulikuwa na Watanzania wa kutosha kugombana kuhusu Simba na Yanga kila wikendi. Huko nikaanza saa ya hadithi ya Kiswahili. Nilikuwa naita, "Hadithi, hadithi!" na watoto wanaitikia, "Hadithi njoo!" kwa lafudhi ya katuni za televisheni. Nikiwauliza swali kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na wazazi wao nyuma wanatazama dari. Nilinunua mkeka, kwa sababu zulia la maktaba lilikuwa na picha za barabara na watoto hawakusikia hadithi, waliendesha magari. Kwenye mkeka hupandi na viatu, mkubwa wala mdogo. Ajabu ni kwamba mtoto akishavua viatu anatulia, labda kwa sababu hawezi kukimbia mbali.

Ni Hilliard pia nilipousikia kwa mara ya kwanza mjadala ambao baadaye ulinifuata Buffalo. Tulikuwa tumetoka kuswali Idi, tunakula pilau nyumbani kwa rafiki, simu moja ikazungushwa mezani. Ilikuwa na habari za wasanii wa drag wanaoalikwa maktabani kusomea watoto wadogo hadithi. Kwa asiyewafahamu, hao ni watu, mara nyingi wanaume, wanaovaa magauni, mawigi na vipodozi vizito kwa ajili ya maonyesho. Basi pilau ikapoa. Mmoja alisema mtoto mdogo hapaswi kuchanganywa akili, na maktaba ni ya watu wote, si ya kufundishia mambo hayo. Mwingine, nesi, alisema ni mtu amevaa nguo za kung'aa anasoma kitabu cha bata, na asiyetaka asimpeleke mwanawe. Wa tatu alisema tatizo si nguo, tatizo ni nani anaamua. Kisha wote wakanigeukia mimi, mtu wa maktaba. Nikawaambia nyote mna hoja, nikaomba kachumbari.

Mnacheka, lakini angalieni vizuri jibu lile, maana ndilo lililokuja kunivua nguo Buffalo. Mimi nimelelewa kwamba mtu akikuuliza kwa heshima humrushii hapana usoni. Unamwambia sawa, unamwambia tutaona, Mungu akipenda, na yeye kwa akili zake anaelewa. Kwetu mfumo huo unafanya kazi kwa sababu wote tunaucheza. Ukiupeleka kwa watu wasioujua, unakuwa mwongo mwenye adabu nzuri.

Buffalo nilifika nikiwa mtu mzima, goti moja limeshaanza kutabiri theluji. Tawi letu la East Side mnalijua. Familia nyingi zinazokuja ni za Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi, akina mama wanaofanya kazi viwandani na kwenye maghala, na Jumamosi asubuhi ndiyo nafasi yao ya kupumua. Saa ya hadithi ya Kiswahili nikaiweka Jumamosi saa nne. Mwanzoni walikuja watoto wanne, watatu wakiwa wa mama mmoja. Mama huyo ni Mama Furaha, kiongozi wa kwaya kanisani kwao, mwanamke mrefu anayeingia chumbani kama amekuja kukikagua. Alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni mwezi mzima. Kisha akaenda kanisani akawaambia wenzake, na Jumamosi iliyofuata mkeka haukutosha, nikaongeza wa pili.

Meneja wa tawi alikuwa Bi Denise, mtu mwema, mwenye daftari la kila kitu. Aliwahi kunieleza waziwazi kwamba chumba ni kimoja na wanaokitaka ni wengi, kwa hiyo saa isiyojaza watoto hupewa wengine. Sikuwa na wasiwasi. Tulikuwa tunajaza.

Ndipo likaja ombi la Derek. Derek mchana hutengeneza miwani kwenye duka la miwani, na wikendi ni msanii wa drag mwenye jina la jukwaani refu kuliko treni ya mizigo. Aliomba kusomea watoto hadithi, na kwa kanuni yetu mkazi yeyote anayetimiza masharti anapewa chumba. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa Jumamosi saa tano, mara tu baada yetu. Bi Denise akaniita, akaniuliza kama familia zangu zitakuwa na tatizo, kwa sababu kama lipo atatafuta siku nyingine. Aliuliza kwa upole, na alikuwa ameniletea chai. Nikamwambia hakuna shida, itakuwa sawa. Akaandika kwenye daftari.

Siku tatu baadaye akaja Mama Furaha. Binti yake mkubwa, Furaha mwenyewe, wa miaka kumi, alikuwa ameona tangazo la Kiingereza mlangoni na kumsomea. Mama hakupiga kelele. Aliniomba niwaambie wakubwa zangu kwamba jambo lile lisiwekwe Jumamosi, kwenye chumba chao, watoto wao wakiwa bado wanavaa viatu. Nami nikamwambia ndiyo mama, nimekusikia, nitalishughulikia. Kwa Kitanzania changu maana yake ni kwamba nimekusikia. Yeye aliondoka na ahadi.

Wiki mbili zilizofuata nilipanga vitabu kuliko wakati wowote maishani. Kila nilipomwona Bi Denise nilisukuma kitoroli upande wa pili, na kila nilipomwona Mama Furaha niliingia stoo. Nilijiambia kwamba jambo litajimaliza lenyewe, labda Derek atapata homa. Kumbe huku nyuma Bi Denise alikuwa amewatangazia wafanyakazi kwamba mimi, Athumani, nimeshauriana na familia na zimeridhia, na Mama Furaha alikuwa amesimama kanisani akatangaza kwamba Papa Athumani amelimaliza.

Alhamisi kabla ya siku yenyewe, Mama Furaha akaja maktabani na sahani ya mikate aliyoikaanga mwenyewe, imefunikwa kitambaa. Alikuja kumshukuru Bi Denise. Mimi ndiye huwa mkalimani, lakini nilikuwa nyuma ya rafu ya ensaiklopidia, nimeinama. Basi Furaha akatafsiri. Akasema mama yangu anashukuru kwa kulifuta lile la Jumamosi. Bi Denise akauliza kufuta nini, Athumani ameniambia nyote mmefurahi. Furaha akatafsiri na hilo pia, neno kwa neno, kwa sauti safi ya mtoto anayepata alama nzuri shuleni. Kisha wote watatu wakageuka kwenye rafu ya ensaiklopidia, kwa sababu goti langu lilikuwa limelia.

Nilitoka. Ningependa kusema nilitoka kwa heshima, lakini nilitoka na juzuu la herufi K mkononi.

"Papa Athumani," Mama Furaha akasema, "miye nilisimama mbele ya kanisa. Sasa ni miye natoka muongo."

Akaiacha sahani mezani, kwa kuwa chakula hakirudishwi nyumbani, akamshika binti yake mkono. Mlangoni akasema, "Hatutakuya tena." Bi Denise hakuhitaji mkalimani. Alifunga daftari lake taratibu, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko kama ningetukanwa. Bila Mama Furaha hakuna kwaya, bila kwaya hakuna watoto, na bila watoto saa ile, niliyoilea kama mche, ingeenda kwa darasa la watu wazima la kufuma sweta.

Nyumbani Mwajuma alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akalazimika kukaa. Alisema nimewachumbia wanawake wawili kwa siku moja, na harusi zote ni Jumamosi. Alipomaliza kucheka akaniambia twende kwa Mama Furaha kesho, na nisizungumze kama mwanasiasa. Kwetu kosa la namna hiyo halitengenezwi kwa simu. Unakwenda kwa mtu nyumbani, unakaa anapokukalisha, unakunywa unachopewa, ndipo unasema.

Ijumaa baada ya swala tukaenda. Mama Furaha alitukaribisha, akatupa chai ya maziwa, akakaa mbele yangu na kusubiri. Nikamwambia nilisema ndiyo kwa Denise na ndiyo kwake, na sikumaanisha yoyote, niliogopa tu kuwaudhi. Ilikuwa sentensi moja lakini ilinitoa jasho. Kisha nikajaribu kupunguza uzito. Nikamsimulia jinsi bibi yangu alipofariki Tabora, mtani wetu mmoja Mzaramo alivaa gauni na kilemba cha marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akitembea na kufoka kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Nikasema, mama, hata kwetu mwanaume amewahi kuvaa gauni mbele ya watoto na hakuna aliyedhurika.

Hakucheka. Alisema kilio ni kilio na maktaba ni maktaba, na mtani wetu tulimjua na wazazi wake tuliwajua. Nikaona kweli. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mu kambi balituchagulia yote," akasema. "Chakula ya kula, fasi ya kulala, ata siku ya kufula. Donc nilifika hapa nikasema, ku batoto bangu, ni miye nitachagua. Sina matata na ule mutu. Lakini nani aliniuliza?"

Aliyepaswa kumuuliza alikuwa mimi. Bi Denise alikuwa ameniachia swali hilo nilibebe, nami nikalijibu mwenyewe njiani. Niliona aibu hasa, si ile ya Alhamisi ya kukamatwa, bali ya kujua kwamba nilimchukulia mama huyu kitu kidogo alichokuwa nacho. Nikamwomba msamaha. Akanijazia chai, ambayo kwao na kwetu ni ishara kwamba kesi imepokelewa, ingawa haijaamuliwa. Kisha akamgeukia Mwajuma, akamwambia, "Nyiye Batanzania, ata nyumba iko naungua, mutu akiuliza kama muko muzuri, munasema ndiyo." Mwajuma akasema ndiyo. Hapo ndipo wote watatu tulipocheka.

Jioni ile ile nikaenda kwa Bi Denise, nikamwambia kwamba sikuwahi kuziuliza familia. Alisema angekuwa amejua mapema angeweka siku nyingine, lakini sasa tangazo limetoka, na hawezi kumnyang'anya mtu mmoja chumba kwa sababu wengine hawampendi. Ningekuwa Mama Furaha nisingefurahi, na ningekuwa Derek nisingependa kufutwa. Tulichoweza kufanya tulikifanya. Tukasogeza kipindi cha Derek mbele nusu saa ili kila mtoto apate muda wa kuvaa viatu vyote viwili. Nikaandika tangazo la Kiswahili, bila kuzunguka, nikaeleza ni nani anayesoma, amevaaje, saa ngapi, na kwamba mtoto haingii bila mzazi wake. Na kiti cha mlangoni nikakifuta vumbi.

Jumamosi ilinyesha mvua ya Buffalo, ile inayokuja kwa ubavu. Upande mmoja wa barabara walisimama wanaopinga na mabango yao, upande wa pili wanaounga mkono na ya kwao, na wino wa pande zote mbili ulikuwa unachuruzika vilevile. Nilipita katikati na mwavuli. Ndani nikatandika mikeka yote miwili nikakaa. Saa nne ikafika, hakuna mtu. Saa nne na dakika kumi, hakuna mtu. Nikaanza kumsomea kuku mwenyewe, kimoyomoyo. Kisha nikasikia sauti ya viatu vingi vinavuliwa kwa pamoja. Mama Furaha alikuwa mlangoni, nyuma yake kwaya nzima na watoto wao, wamelowa chepechepe.

"Tumekuya ku hadithi yetu," akasema.

Sijawahi kusoma vizuri kama siku ile. Tulipomaliza, akina mama wakaanza kukusanya makoti, wakaondoka na watoto wao. Mama mmoja Mrundi alisema mwanawe amelilia kumwona mtu mwenye nywele za zambarau, akabaki naye. Mama Furaha aliwakabidhi watoto wake kwa dada yake wakamsubiri chumba cha kompyuta. Yeye akaketi kwenye kile kiti, mkoba mapajani.

Derek akaingia na gauni la kung'aa na viatu virefu vilivyofungwa kamba mpaka magotini. Aliuona mkeka, akauliza, nikamweleza. Ilimchukua dakika nane kuvifungua. Alipovivua alipungua, tukawa kimo kimoja. Alipoona miwani yangu imelegea mkono mmoja, akatoa bisibisi ndogo kwenye mkoba wake wa shanga, akaikaza palepale. Mtoto wa yule mama Mrundi akamuuliza kama yeye ni mvulana au msichana. Akajibu kwamba yeye ni Derek, na leo amevaa hivi ili asome. Mtoto akaridhika, akauliza kama kuna biskuti.

Basi Derek akaanza kusoma hadithi ya konokono aliyechelewa harusini. Alikuwa na sauti tano tofauti, mikono, nyusi, kila kitu. Lakini kitabu alikishika mbele ya uso wake. Watoto wachache waliokuwapo wakaanza kunyoosha shingo. Mmoja akanyanyuka, akaelekea mgongoni kwake. Nilimtazama Mama Furaha, nikaona taya lake linacheza. Alivumilia ukurasa wa kwanza. Alivumilia wa pili.

"Papa," akaniambia kwa sauti iliyofika mpaka maegesho, "umuambie ageuze kitabu. Batoto habaone."

Nikatafsiri. Derek akageuka kumtazama, akasema asante, akakigeuza. Mama Furaha akaitikia kwa kichwa kama anavyofanya sauti ya pili inapoingia mahali pake kwenye kwaya. Alikaa mpaka konokono akafika harusini. Kisha akasimama, akaninong'oneza kwamba watoto wake hawatakuja kwa hadithi ile, hilo halijabadilika, ila mtu yule anasoma vizuri kuliko mimi. Jumamosi iliyofuata alirudi na kwaya kwa hadithi yetu. Derek naye alipata siku yake katikati ya wiki, na tangu hapo wazazi wa kila upande huulizwa kabla ya jambo kuandikwa kwenye daftari. Anayeuliza ni mimi, au tuseme alikuwa mimi.

Mwaka huu nilipotangaza kustaafu, nilimwomba Mama Furaha aichukue saa ya Kiswahili. Alisema hapana, mara moja, bila chai wala Mungu akipenda. Nikaheshimu. Wiki mbili baadaye akaja mwenyewe akaniambia anaitaka, kwa kuwa sasa ameamua yeye.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kama mgeni. Chumba kilijaa, mikeka yote miwili, viatu mlangoni kama sokoni. Nikakaa kwenye kile kiti. Mama Furaha aliita hadithi kwa sauti ya kanisani, watoto wakaitikia mpaka dirisha likatetemeka, akafungua kitabu cha kuku, picha zikiwatazama. Alisoma jogoo, akasoma mbwa, akasoma ngazi na fimbo, akafunga kitabu. Watoto wakapiga makofi ya mashaka. Wakaanza kutafuta viatu.

Akaja kwangu amejawa furaha, jasho kwenye paji la uso.

"Nimesoma muzuri?"

Nilihisi lile jibu linapanda lenyewe kooni, vizuri sana mama, hongera. Nilikuwa nimelibeba maisha yangu yote.

"Hapana," nikasema. "Kurasa mbili zimegandana kwa gundi yangu. Kuku bado yuko juu ya paa."

Akakifungua kitabu, akaingiza ukucha, akazitenganisha kurasa. Kisha akacheka, cheko kubwa lililowasimamisha watoto waliokwisha vaa kiatu kimoja.

"Bon," akasema. "Sasa njo umejua kusema hapana."

Akawarudisha wote mkekani, wakavua viatu upya. Akakaa, akakigeuza kitabu, akamshusha kuku.